Unga kwenye Ukuta wa Mama

Siku kumi na mbili Farmon hakunitazama.

Ni mchumba wangu ninayemsema, si mtu baki. Tangu posa yake ipokelewe msimu ule wa kuvuna viazi, alikuwa hawezi kupita mbele ya uzio wetu bila kujikwaa, kwa sababu miguu ilikwenda huku na macho yakaenda kule. Majirani walishazoea. Wakisikia jiwe limepigwa teke njiani, walisema, "Mkwe wa Hunar Baig huyo anapita." Sasa ghafla akawa anapita kama mtu anayewahi mazishi, kichwa chini, begani ile fimbo ndefu yenye namba ya kupimia barabara.

Mimi si mwepesi wa kusema. Bibi yangu hunitania, "Zevar anaangalia mambo kama paka anayesubiri maziwa yapoe." Basi nikasubiri. Nikaangalia.

Barabara kuu inayotoka Uchina ikielekea mji wa Gilgit hupita katikati ya kijiji chetu, Sarikben, na mwaka ule ilikuwa ipanuliwe. Farmon aliajiriwa amsaidie Injinia Tanvir kupima, maana ndiye kijana wetu pekee aliyesomea kazi hiyo. Watu walifurahi. Viazi vingefika sokoni kabla ya kuchipua, na cheri zisingefika zimekuwa uji. Shida ilikuwa mahali pamoja tu, kwenye kona ya kuingilia kijijini. Pale mlima umebana na mto umebana, na katikati kuna vitu viwili: upande wa mto, ukuta wa mama yangu, upande wa mlima, kiwanja cha Mzee Ali Madad, baba yake Farmon. Ilikuwa lazima barabara imeze kimoja.

Ukuta wa mama si wa nyumba. Mama yangu Gulandam alipofariki, miaka tisa sasa, kijiji kizima kilishuka na mikono yake kikajenga ukuta wa mawe uliopinda kama mkono uliokumbatia, na ndani yake benchi la mawe. Hapo wanawake na wagonjwa wetu husubiri gari bila kuchanwa nyuso na upepo wa barafu. Kitu cha namna hiyo tunakiita nomusi. Ni cha watu wote, lakini kina jina la mmoja. Kuna waliopewa daraja, kuna waliopewa mfereji. Mama yangu alipewa ukuta, na mimi ndiye niliyeufagia kila wiki tangu nilipoacha shule.

Siku ya kumi na mbili ndiyo ilikuwa sikukuu ya kufagia masizi. Tulikuwa tumeshusha masizi yote ya majira ya baridi kutoka darini, tumekuwa weusi mpaka ndani ya masikio, tumeoga, na sasa tulikuwa tunachovya vidole katika unga na kupiga nukta nyeupe kwenye boriti na nguzo ili nyumba ipate baraka.

"Unga umebaki," alisema Bibi, akisugua magoti yake. "Mpelekee na mama yako. Kila mwaka naenda mwenyewe, lakini mwaka huu haya magoti yamegoma kama punda wa Ali Madad."

"Bibi, punda wa watu amekukosea nini?"

"Punda hana kosa. Nenda."

Nikashuka na bakuli. Nikaanza upande wa kushoto, jiwe kwa jiwe, nukta tatu kila moja, nikamwambia mama habari za nyumbani kama ninavyofanya siku zote. Kwamba baba anakohoa kidogo tu. Kwamba ng'ombe amezaa. Kwamba mchumba wangu amepatwa na ugonjwa wa shingo, haigeuki.

Nikasikia jiwe limepigwa teke.

Alikuwa nyuma yangu, ameshika vigingi vyenye vitambaa vyekundu. Kimoja kilikuwa tayari kimepigwa hatua mbili mbele ya benchi.

"Farmon."

"Naam."

"Kumbe sauti unayo."

Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likakimbia. "Kazi nyingi, Zevar."

"Hiki kitambaa chekundu mbele ya mama yangu ni cha nini?"

"Cha kupimia tu. Nyekundu ni kupima."

"Na kule kwenu juu, mbona napo nimeviona?"

"Kote tunapima."

"Wewe ukiulizwa, ungepitisha wapi?"

Akageuka akautazama mto, kana kwamba jibu litaelea lipite. Nilimwona anameza mate. Ana shingo ndefu, Farmon, na akiwa na jambo huwa linaonekana likipanda na kushuka pale kooni. Nilingoja. Kwa kungoja mimi hanishindi mtu.

"Una unga puani," akasema mwishowe.

Akainua mkono, kidole kikafika karibu kabisa na uso wangu mpaka nikahisi joto lake. Kisha akakumbuka tuko kando ya barabara kuu, akajikuna nacho sikio lake mwenyewe.

"Nitakuambia," akasema. "Nipe siku mbili."

"Kuniambia nini?"

Lakini alishaondoka, na hatua chache mbele akajikwaa. Nikacheka peke yangu. Nikasema moyoni, basi, shingo imepona.

Asubuhi yake Bibi ndiye aliyesikia kwanza. Tulikuwa tunakunywa chai ya chumvi. Akaweka bakuli chini, akainua kidole.

"Hayo si mawe ya mlimani yanayoporomoka," akasema. "Hayo yanatupwa na mtu."

Nilikimbia bila viatu vya nje.

Vibarua wanne wa injinia, watu wa bondeni huko kusini, walikuwa na mitaimbo. Nusu ya benchi ilikuwa imeshang'olewa, na mawe yamepangwa rundo vizuri kama mikate. Na katikati ya pengo alisimama Farmon, jiwe mikononi.

Sijui sauti ile niliitoa wapi.

"Farmon!"

"Zevar, ngoja..."

"Siku mbili! Uliniomba siku mbili, kumbe ulitaka usiku mmoja tu!"

"Sikiliza kwanza. Mimi nimefika sasa hivi..."

"Na hilo jiwe limekurukia lenyewe mikononi? Benchi hili limekukosea nini? Ulikaa hapa ukiwa mdogo, mkono wako umevunjika, mama yako akakuegemeza hapa hapa! Ungeniambia. Ningelia, ningekununia, lakini ungeniambia usoni. Siyo kunipita siku kumi na mbili kama mtu anayedaiwa."

"Zevar."

"Mwambie baba yako aje achukue shali yake ya posa. Iko safi. Nimeivaa mara mbili tu."

Uso wake ukawa mweupe. Akaliweka lile jiwe chini polepole, na ndipo nikaona kwamba hakuliweka kwenye rundo, aliliweka pale pale lilipong'olewa. Alikuwa ameshayarudisha matatu.

Injinia Tanvir akaja akitembea haraka, kikombe cha chai mkononi, kofia ya sufu ameivuta mpaka kwenye nyusi. Mtu mwema, ila baridi yetu ilikuwa haijamzoea.

"Kuna nini? Nani analia?"

"Hakuna anayelia," nikasema, nikijifuta.

"Bwana injinia," Farmon akasema, na sauti ilimtetemeka kwa hasira, "nani kawaambia hawa wavunje? Huu ukuta haujaamuliwa!"

Kiongozi wa vibarua akajitetea. "Bwana, wewe mwenyewe ulitufundisha. Nyekundu, tunapima tu, tusiguse. Nyeupe, mwenye mali amekubali, tuondoe. Tumekuta alama nyeupe. Si moja. Kila jiwe!"

"Nani amepiga chokaa hapa?" injinia akauliza.

Kibarua mmoja akainama, akapitisha kidole juu ya jiwe, akakitazama. Kisha akakilamba.

"Bwana," akasema, "hii si chokaa. Huu ni unga wa ngano."

Mimi nikatazama vidole vyangu.

Pale penye ukuta upepo haufiki. Kazi ya ukuta ni hiyo. Ndiyo maana unga wangu ulikaa usiku kucha, nukta tatu kila jiwe, nadhifu, kama nilivyofundishwa. Nilikuwa nimeutia baraka ukuta wa mama yangu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na kwa baraka hizo hizo nilikuwa nimewapa ruhusa waubomoe.

Nilitamani mto uje unichukue.

Ndipo nikasikia kicheko. Bibi alikuwa amefika, amemwegemea baba yangu upande mmoja na fimbo upande wa pili, na alikuwa anacheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani.

"Mama, watu wanaona," baba akamwambia.

"Waache waone! Gulandam huko aliko amejishika mbavu. Miaka tisa tunampelekea unga, leo umefanya kazi!" Akajifuta machozi, akamnyooshea Farmon fimbo. "Na huyu kijana ametukanwa bure. Zevar, mwombe radhi mwenzio kabla hajazeeka."

Nikamgeukia Farmon. Nilikuwa na maneno, lakini hayakupata nafasi, kwa sababu Mzee Ali Madad alikuwa anateremka kutoka kwake huku karatasi inapepea mkononi, na hasira yake ilitangulia mbele kama mbwa.

"Farmon! Hii ni nini?"

"Baba, tuongee nyumbani."

"Nyumbani ipi? Hiyo uliyoigawa?" Akampiga kifuani kwa ile karatasi. "Nimeikuta mezani kwa injinia. Jina langu, kiwanja changu, na saini yako! 'Familia haina pingamizi barabara ipite upande wa juu.' Familia ipi haina pingamizi? Mimi si familia?"

Vibarua wakaweka mitaimbo chini.

"Miti ishirini ya cheri," Mzee Ali Madad akaendelea. "Aliyeipanda ni baba yangu. Na kile chumba! Nimekujengea kuta nne uolee ndani, paa tu limebaki, wewe unakipeleka chini ya matairi ya malori. Kwa nini? Kwa benchi! Kwa ajili ya binti aliyeishia darasa la tano! Nilikwambia mimi, umwoe yule mwalimu..."

"Baba!"

Mzee akageuka. Nadhani alikuwa hajaniona. Aliponiona alijifanya anaikunja ile karatasi, akaikunja mara nne, mara tano, mpaka ikawa haikunjiki.

Sikuumia kama ambavyo ningeumia siku nyingine. Moyo wangu ulikuwa umejaa jambo jingine, haukuwa na nafasi. Nilikuwa namtazama Farmon, na yeye sasa alikuwa ananitazama, sawasawa, bila kukwepa. Nikaelewa zile siku kumi na mbili. Hakuwa ananificha alichoniibia. Alikuwa ananificha alichonipa.

"Ulitoa chumba chetu," nikasema.

"Chumba kitajengwa kingine."

"Na miti ya babu yako?"

"Miti nayo hupandwa." Akashusha sauti. "Mama hapandwi, Zevar."

Jamani. Mwanamume anaweza kukukosesha hasira wakati unaihitaji sana.

"Ulimuuliza nani?" nikasema.

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa! Ndiyo maana mtu huulizwa! Unanipa zawadi, inabidi baba yako anitazame kwa jicho hili mpaka nife, na mimi hata sijui kwamba nimepewa? Tutaishi hivyo? Wewe unatoa kimyakimya, mimi nashukuru bila kujua?"

"Nilidhani..."

"Usidhani peke yako."

Bibi akanong'ona kwa baba yangu, kwa ule mnong'ono wake unaosikika ng'ambo ya mto, "Hawa wameshaoana, imebaki pilau tu."

Injinia Tanvir akakohoa. Kwa Kiurdu chake cha upole akasema kwamba anaomba radhi kwa makosa ya watu wake, na yuko tayari kuyarudisha mawe yote. Lakini gari la kwenda Gilgit na ramani linaondoka adhuhuri. Saini ya kijana haiwezi kusimama ikiwa baba anapinga. Njia ni mbili tu, ya juu au ya chini. Anataka neno la wenyewe.

Wote wakamtazama baba yangu.

Baba yangu, Hunar Baig, ni mtu wa maneno machache. Akavua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu limeshonwa humo, akaivaa.

"Mimi nilimwita kila mtu aje ajenge," akasema. "Lakini aliyeutunza ni Zevar. Aseme yeye."

"Mtoto?" Mzee Ali Madad akauliza.

"Mtoto," baba akajibu.

Nikakaa kwenye kile kipande cha benchi kilichobaki. Jiwe lilikuwa baridi. Nikauliza swali langu kwa Kiurdu cha shule, taratibu nisikosee.

"Bwana injinia. Barabara ikishapanuliwa, hapa kwenye kona malori mawili yataweza kupishana?"

"Mawili na gari dogo katikati yake, binti yangu. Bila hata kupunguza mwendo."

Nikaitazama ile kona. Wenzangu wa Sarikben nao wakaitazama, kwa sababu walijua ninachowaza, na ni jambo ambalo tulikuwa hatulitaji.

"Huyu bwana hajui," nikasema. "Acha nimwambie. Mama alishikwa na damu baada ya mimba kuharibika. Tukamlaza nyuma ya gari la ami yangu kumpeleka hospitali. Tulipofika hapa, lori limetoka huku na basi limetoka kule, yamekutana katikati ya kona, hakuna wa kurudi nyuma. Wakabishana nani arudi. Nyuma yao magari yakajaa. Tulikaa kwa saa nne nzima. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, kichwa chake kiko mapajani kwangu, na upepo unapiga, na kila wakati ananiuliza kama tumefika. Nikawa namwambia bado kidogo."

Farmon aliinamisha uso. Mzee Ali Madad aliishika ile karatasi yake iliyokunjwa kwa mikono miwili.

"Ukuta ulijengwa hapa kwa sababu alifia hapa," nikasema. "Nimeufagia miaka tisa. Naupenda. Lakini nikisema barabara isipite, au ibanwe ikwepe jiwe hili na cheri ile, na kesho mwanamke mwingine akalala hapa anauliza kama amefika, nitakuwa nimemfanyia mama kitu gani?" Nikasimama. "Ipite chini. Ichukue ukuta."

"Hapana," Farmon akasema. "Zevar, hapana."

"Mimi nimekuuliza?"

"Hujaniuliza."

"Basi nakuuliza sasa. Mbele ya watu. Unaonaje?"

Koo lake likapanda, likashuka. Akanitazama muda mrefu, na katika mtazamo ule nilipata malipo yangu ya siku zote kumi na mbili.

"Naona una haki," akasema. "Na inaniuma."

"Hata mimi inaniuma. Tuumie wote." Kisha nikamgeukia baba yake, kabla ujasiri haujaniisha. "Ami Ali Madad. Miti yako imepona, na kiwanja chako kimepona. Lakini wanawake bado watahitaji mahali pa kungojea gari. Upande wa juu ndio wenye mlima wa kukinga upepo. Nakuomba pembe ya kiwanja chako, hatua sita, tuujenge upya pale."

"Hatua sita!" Mzee akashtuka, na nadhani alifurahi kupata kitu cha kubishia. "Hatua za nani? Za kuku au za ngamia?"

"Pima kwa zangu," Bibi akadakia. "Magoti haya, utapata faida."

"Wewe mama usinichekeshe, mimi nimekasirika."

"Kasirika, lakini pima."

Watu wakacheka. Mzee Ali Madad akatutazama mmoja mmoja, akatafuta wa kumwonea, hakumpata. Akageuka akapanda mpaka kwenye pembe ya kiwanja chake. Akaweka kisigino kwenye jiwe la mpaka, akaanza kutembea. Moja. Mbili. Ana miguu mirefu kama ya mwanawe. Sita. Nikadhani atasimama. Akaenda ya saba, akaenda ya nane, akakuta mti wa cheri mbele yake, akauzunguka, akapiga ya tisa upande wa pili.

"Huu mti ubaki ndani," akapaza sauti. "Watu wanaosubiri wapate kivuli. Na mtu asivunje matawi!"

"Hakuna atakayevunja, ami."

"Na kondoo nitatoa mimi."

Bibi aliacha kucheka.

Ni lazima niseme hapa. Nomusi haianzi bila kondoo wa kuwalisha wajenzi, na kondoo huyo hatolewi na jirani wala rafiki, hata awe tajiri namna gani. Hutolewa na ndugu wa mwenye jina. Asiye ndugu akimtoa, amejifanya ndugu, na neno hilo halirudi nyuma. Mzee Ali Madad alikubali kuposa kwetu kwa sababu mwanawe aligoma kula siku tatu. Tangu hapo hajawahi kuingia kwetu, hajawahi kuniita mwanangu, na shali yenyewe alimpa mtu ailete.

"Ali Madad," Bibi akasema taratibu. "Umejisikia ulivyosema?"

"Nimejisikia. Mimi si kiziwi."

"Kondoo wa Gulandam?"

"Kondoo wa Gulandam, ndiyo! Mama wa mkwe wangu ni nani kwangu? Si ndugu?" Akaondoa kofia, akajifuta kichwa, na hakunitazama, alikitazama kile kiatu changu cha ndani kilicholowa. "Na huyo binti mpeni viatu. Atapata homa, halafu mseme Ali Madad hakumwangalia mwanawe."

Baba yangu alimwendea. Alimshika mkono, akaubusu, naye akaubusu wa baba, na wote wawili wakaanza mara moja kubishana kondoo awe yupi.

Nilipogeuka, Farmon alikuwa amevua viatu vyake, ameniwekea mbele yangu. Vikubwa kama mitumbwi.

"Nisamehe kwa yale maneno," nikamwambia huku navivaa.

"Yapi? Yalikuwa mengi."

"Yote. Na lile la shali hasa."

"Lile la shali lilinimaliza," akasema. "Nilifikiri, nikirudishiwa hii shali nitaivaa mwenyewe niende nayo milimani kuchunga mayaki, nisirudi."

"Ungependeza."

Kabla ya adhuhuri ramani iliondoka na alama ya upande wa chini. Habari ilikimbia kijijini kuliko gari, na watu wakaanza kuteremka, waliokuwa kwenye mfereji na majembe yao, waliokuwa bado na masizi shingoni, wengine na unga vidoleni. Injinia Tanvir aliwaambia vibarua wake wasaidie, akasaidia na yeye mwenyewe mpaka kofia ikamtoka. Tukajipanga mstari kutoka kwenye ukuta wa zamani, tukavuka barabara, mpaka pembe ya miti ya cheri. Mawe yakaanza kupita mkono kwa mkono. Kila lori lililofika lilisimama, dereva akashuka kuuliza kuna nini, akapewa jiwe.

Mimi nilipangwa katikati, Farmon kushoto kwangu. Sijui nani alitupanga. Nadhani mwenye magoti mabovu.

Alinipa jiwe, nikampa wa kulia kwangu. Akanipa jingine. Mikono yetu ilikutana kila mara chini ya jiwe, na hakuna aliyeweza kusema kitu, maana ilikuwa ni kazi. Jua lilikuwa limefika kwenye theluji ya juu, na upepo ulikuwa umetulia kidogo. Nilikuwa nimechoka, viatu vinanitoka, mama yangu anahama kipande kwa kipande mbele ya macho yangu, na bado nilijisikia kuimba.

"Farmon."

"Naam."

"Kuna kingine unachonificha?"

Akafikiri. Akanipa jiwe. Nikampa wa kulia.

"Kimoja," akasema.

"Sema sasa hivi, ningali nina moyo mwema."

"Kile chumba chetu." Akakohoa. "Hakina dirisha. Nilikuwa napima barabara ya watu, mafundi wakaniuliza dirisha liwe wapi, nikawaambia nitakuja kupima. Sikwenda. Wakapandisha kuta zote nne mpaka juu."

Nikaliacha jiwe mikononi mwake nikacheka, nikacheka mpaka mstari ukasimama na watu wa mbele wakaanza kupiga kelele, "Vipi huko, mmelala?" Msomi wangu mwenye fimbo ya namba. Kijiji kizima kinamwita mpimaji.

"Baba hajagundua," akanong'ona. "Anafikiri ndivyo wanavyojenga mjini siku hizi."

"Usimwambie leo," nikasema. "Leo ametoa kondoo, mtu asichokozwe mara mbili. Jumamosi nitakuja na Bibi. Nitakaa ndani nione jua linaingia upande gani, halafu nitakuonyesha pa kutoboa."

"Na mimi nifanye nini?"

"Wewe," nikamwambia, nikilichukua lile jiwe, "utashika nyundo, na utaniuliza kabla ya kupiga."